Saa ndani ya kadi ya mtandao: Linux inavyoisoma, inavyoirekebisha, na pale kosa linapojificha

Seva ya kawaida ina saa tatu, na hakuna mbili zinazokubaliana. Ya kwanza ni ile ya betri kwenye ubao mama, kazi yake kukumbuka tarehe umeme unapokatika. Ya pili ni kihesabio kilicho ndani ya prosesa. Hicho ndicho Linux inachokitegemea, na ndicho kinachojibu programu yoyote ikiuliza wakati. Ya tatu wengi hawajui kuwa ipo. Imo ndani ya kadi ya mtandao, inaendeshwa na kristali yake, na haina habari na hizo mbili. Ukitaka usahihi wa chini ya mikrosekunde moja kupitia mtandao, ni hiyo ya tatu ya kuanzia.

Anayesanifu mfumo endeshi anabaki na maswali mawili. Programu itaifikiaje saa hiyo ya kadi? Na ikishaifikia na kuinyoosha, wakati wake utahamishwaje hadi kwenye saa ya prosesa, ambayo ndiyo programu nyingine zote zinaisoma? Swali la kwanza Linux ililijibu vizuri. La pili ndilo lenye miiba, na huko ndiko usahihi mwingi hupotelea bila mtu kujua.

Kwa nini muhuri upigwe kwenye kadi

Itifaki ya PTP (Precision Time Protocol) ya kulinganisha saa kupitia mtandao, yaani kiwango cha IEEE 1588 (toleo la kwanza 2002, la pili 2008, la karibuni 2019), inapima kwa nyakati nne. Saa kuu inatuma ujumbe wa Sync kwenye wakati t1, saa fuasi inaupokea t2. Kisha saa fuasi inatuma Delay_Req kwenye t3, na saa kuu inaupokea t4. Kutokana na hizo:

ucheleweshaji = ((t2 − t1) + (t4 − t3)) / 2
tofauti ya saa = ((t2 − t1) − (t4 − t3)) / 2

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Kazi ni kuzipata hizo t, yaani kuipigia kila pakiti muhuri wa wakati ilipopita. Keneli, kiini cha Linux, ikipiga muhuri wa t2 yenyewe, inakuwa imechelewa: pakiti imeshalala kwenye bafa ya kadi, kadi imesubiri kidogo ikusanye intarapti kadhaa pamoja, prosesa imeamshwa usingizini, na kazi nyingine ilikuwa mbele kwenye foleni. Jumla yake inaweza kuwa mikrosekunde chache sasa hivi na makumi kadhaa dakika moja baadaye. Kama ucheleweshaji ungekuwa uleule kila mara tungeutoa tu kwenye hesabu. Ubaya wake ni kuyumba. Kadi inayopiga muhuri pale biti zinapoingia au kutoka kwenye waya haina shida hiyo.

Si kila mtu anahitaji haya. Sheria za Ulaya kwa biashara ya hisa ya kasi kubwa zinaruhusu kupotoka mikrosekunde 100 kutoka UTC, na hapo hata mihuri ya programu, ikisimamiwa vizuri, inaweza kufika. Lakini minara ya simu inayotumia TDD (kutuma na kupokea kwa zamu kwenye masafa yaleyale) inahitaji ±1.5 mikrosekunde, na vituo vya umeme vinavyofuata IEC 61850-9-3 vinahitaji mikrosekunde 1. Bila mihuri ya kadi, huko hufiki.

Faili inayogeuka kuwa saa

Mihuri ilitangulia, saa ikafuata. Mwaka 2009 Linux 2.6.30 ilileta SO_TIMESTAMPING, chaguo la soketi linaloiwezesha programu kupata muhuri wa kadi kwa kila pakiti. Hakukuwa na njia ya pamoja ya kuirekebisha saa iliyopiga muhuri huo. Wazo la mwanzo lilikuwa keneli ichukue muhuri wa kadi na kuutafsiri yenyewe kuwa wakati wa mfumo kabla ya kuukabidhi. Likaachwa, na kwa haki: tafsiri ile ilikuwa na kosa lake ndani, na programu haikuwa na namna ya kulipima.

Kazi ya Richard Cochran, iliyoingia Linux 3.0 mwaka 2011, ilichukua mkondo mwingine. Kila saa ya kadi inaonekana kama faili ya kifaa: /dev/ptp0, /dev/ptp1 na kuendelea. Programu inaifungua, inapata nambari ya faili, kisha inaigeuza nambari hiyo kuwa kitambulisho cha saa kwa mstari mmoja:

clockid_t id = (~(clockid_t)fd << 3) | 3;

Kuanzia hapo, saa ya kadi inasomwa kwa clock_gettime, inawekwa kwa clock_settime na inarekebishwa kwa clock_adjtime, miito ileile inayotumika kwa CLOCK_REALTIME. (Wito wa clock_adjtime wenyewe ulibidi uongezwe, toleo 2.6.39, kwa sababu adjtimex ya zamani ilijua saa moja tu duniani.) Vitambulisho hasi tayari vilikuwa vikitumika kwa saa za muda wa prosesa wa kila mchakato, biti tatu za chini ndizo zinazozitenganisha na hizi za faili.

Faida yake haionekani haraka. Kwanza, ruhusa zinakuja bure: mwenye haki ya kusoma tu faili hiyo anaweza kuisoma saa, lakini akijaribu kuirekebisha bila kuifungua kwa kuandika anarudishiwa EACCES. Pili, kadi inaweza kuchomolewa mashine ikiwa inafanya kazi. Faili iliyofunguliwa inabaki, ila kila wito juu yake unarudi na ENODEV. Hakuna kitambulisho cha saa kinachobaki kikielea na kuja kuangukia kifaa kingine. Tatu, msimbo wa kirekebishaji unaoandikwa kwa ajili ya saa ya mfumo unafaa kwa saa ya kadi karibu bila mabadiliko.

Mambo ambayo miito ya kawaida haina nafasi nayo, kama pini za kutoa na kupokea mpigo na ulinganishaji wa saa mbili, yamewekwa kwenye ioctl (amri maalumu za kifaa) za faili hiyohiyo. Kirekebishaji chenyewe, yaani hesabu inayoamua saa iongezwe kasi kiasi gani, hakimo kwenye keneli kabisa. Kinakaa kwenye programu, kwa mfano ptp4l ya mradi wa linuxptp. Huo ni uamuzi mzuri kuliko unavyosifiwa: anayetaka kirekebishaji kingine kwa kristali nyingine haombi ruhusa ya mtunza keneli.

Draiva inapaswa kutoa nini

Mwandishi wa draiva, yaani msimbo wa keneli unaoiendesha kadi, anajaza muundo unaoitwa ptp_clock_info kisha anauandikisha kwa ptp_clock_register. Mambo ya msingi ni manne: kusoma saa (gettimex64), kuiweka (settime64), kuisogeza kwa kiasi fulani (adjtime) na kubadili kasi yake (adjfine).

Kasi ndiyo kazi ya kila siku. Kristali inayokosea kwa sehemu 1 kwa milioni inapotea mikrosekunde 1 kila sekunde, milisekunde 86.4 kwa siku, na joto la chumba likibadilika kosa nalo linabadilika. Zamani draiva ilipewa namba nzima ya sehemu kwa bilioni. Hatua moja ya namba hiyo ni nanosekunde 1 kwa sekunde, na kirekebishaji kilichotaka nusu yake kilibaki kikirukaruka kati ya namba mbili. Kipimo cha adjfine kina biti 16 za sehemu ndogo: 65536 ni sehemu 1 kwa milioni. Draiva ikigeuza kipimo hicho kuwa thamani ya rejista kwa hesabu ya biti 32, inafurika bila kelele; keneli ina msaidizi adjust_by_scaled_ppm kwa kazi hiyo, na hakuna sababu ya kujiandikia lako.

Kusogeza kuna mtego wake. Kadi nzuri ina rejista inayopokea kiasi cha kuongeza na kukijumlisha yenyewe, saa ikiendelea kutembea. Kadi isiyo nayo inailazimu draiva isome, ijumlishe, kisha iandike, na muda uliopita kati ya kusoma na kuandika unapotea. Ndiyo maana mara nyingi baada ya mruko wa kwanza tofauti haitui kwenye sifuri bali kwenye mamia ya nanosekunde, na kirekebishaji kinaimalizia kwa kasi.

Kusoma nako kunataka uangalifu. Kihesabio cha biti 64 husomwa kwa rejista mbili za biti 32. Kama kadi inaishikilia nusu ya pili pale ya kwanza inaposomwa, draiva ishike kufuli ili nyuzi mbili zisichanganyiane nusu zao. Kama haishikilii, isome ya juu, ya chini, kisha ya juu tena, na irudie iwapo ya juu imebadilika. Na kuna kadi ambazo muhuri wa pakiti una biti 32 tu za nanosekunde. Hizo zinajaa na kuanza upya kila baada ya sekunde 4.29, hivyo draiva inapaswa kusoma saa nzima mara kwa mara na kukitumia kisomo hicho kuurefusha muhuri. Kazi hiyo ya pembeni ikicheleweshwa na mashine iliyolemewa, muhuri unatoka na kosa la sekunde 4 na ushee kamili. Ukiona mruko wa ukubwa huo kwenye kumbukumbu, usihangaike na swichi wala nyaya.

Muhuri wa pakiti inayotoka

Pakiti inayoingia haina taabu, maana muhuri wake unakuja nayo kwenye ujumbe wa pembeni wa recvmsg. Inayotoka ni kinyume. Programu imeshakabidhi pakiti na kuendelea. Muhuri unazaliwa baadaye, pale biti zinapoingia kwenye waya. Linux inaurudisha kupitia foleni ya makosa ya soketi: programu inaita recvmsg na MSG_ERRQUEUE, inapokea nakala ya pakiti yake pamoja na muhuri. Kutumia foleni ya makosa kwa jambo ambalo si kosa kunachekesha, lakini ilikuwepo tayari na ilifaa. Asiyetaka nakala nzima aweke SOF_TIMESTAMPING_OPT_TSONLY, na anayetuma pakiti nyingi kwa mfululizo aongeze OPT_ID ajue muhuri upi ni wa ipi.

Hapa ndipo kadi za bei nafuu huumbuka. Intel i210, kwa mfano, ambayo ni kadi nzuri ya kuanzia, ina nafasi moja ya muhuri wa kutoka. Pakiti ya pili ikiombewa muhuri kabla wa kwanza haujachukuliwa, haipati. Iangalie hivi:

ethtool -S eth0 | grep hwtstamp

Ukiona tx_hwtstamp_skipped inapanda, kuna programu mbili zinazogombea nafasi hiyo. Upande wa ptp4l utaona "timed out while polling for tx timestamp". Kabla ya kulaumu draiva, ongeza tx_timestamp_timeout kwenye faili ya mipangilio hadi milisekunde 50 kwa mashine yenye kazi nyingi. Muhuri mara nyingi huchukuliwa na kazi ya nyuma ya keneli, na kazi hiyo inaweza kusubiri zamu yake.

Jambo jingine linalosahaulika: upigaji mihuri unawashwa kwa SIOCSHWTSTAMP, na hilo ni swichi la kadi nzima, si la soketi yako. Unaomba aina za pakiti za kupigiwa muhuri, draiva inaruhusiwa kukupa zaidi ya ulizoomba lakini si pungufu, kisha inakujulisha imeweka nini. Programu ya pili ikija na ombi lake, la kwanza linafutwa. Kwa hiyo chrony (programu nyingine ya kulinganisha saa) yenye mstari wa hwtimestamp ikiwekwa kwenye kadi ileile ya ptp4l, mmoja anaweza kuamka na kukuta mihuri yake haiji, na hakuna ujumbe wowote wa kosa uliotangulia.

Mpaka kati ya saa mbili

Tuseme ptp4l imeinyoosha saa ya kadi hadi nanosekunde kumi. Sasa wakati huo uhamie kwenye saa ya mfumo, kazi ya phc2sys, programu nyingine ya linuxptp. Ili kujua tofauti ya saa mbili unapaswa kuzisoma kwa wakati mmoja, na prosesa haiwezi. Inasoma ya kwake, inatuma ombi kwa kadi kupitia PCIe (njia ya ndani inayounganisha prosesa na kadi), inasubiri jibu, inasoma ya kwake tena. Ombi na jibu huchukua takriban mikrosekunde moja au zaidi, na thamani ya saa ilinaswa mahali fulani katikati ya safari hiyo. Wapi hasa, hujui.

Njia ya kwanza, PTP_SYS_OFFSET, inasoma mfumo, kadi, mfumo, kadi, mfumo, hadi sampuli 25. Programu inachagua sampuli yenye pengo fupi kuliko zote na kuchukulia kuwa saa ya kadi ilinaswa katikati kabisa. Pengo likiwa mikrosekunde 2.4, kosa linaweza kufika 1.2 upande wowote. Udhaifu wake ni kuwa pengo hilo linabeba kila kitu draiva inachofanya: kushika kufuli, kusoma rejista zaidi ya moja, hesabu.

Linux 5.0 ikaleta PTP_SYS_OFFSET_EXTENDED. Humo keneli inaiachia draiva yenyewe inase wakati wa mfumo mara tu kabla na mara tu baada ya kusoma ile rejista moja inayoinasa saa. Hilo ndilo lililo nyuma ya herufi x kwenye gettimex64. Draiva inayonasa wakati wa mfumo kuzunguka kazi yake nzima badala ya rejista ile moja imekubali kiolesura kipya bila kupata faida yake. Bado zipo, na ni kitu cha kwanza cha kukagua kwenye msimbo wa kadi usiyoifahamu.

Njia bora kati ya hizo, PTP_SYS_OFFSET_PRECISE, ipo tangu Linux 4.6. Maunzi yenyewe ndiyo hunasa saa zote mbili kwa pamoja, kwa mfano kwa PTM (upimaji wa wakati uliomo ndani ya PCIe) kwenye mashine za Intel ambazo kihesabio cha prosesa kina uhusiano unaojulikana na kihesabio cha jukwaa zima. Kubahatisha katikati kunaisha. Inataka prosesa, swichi za PCIe za ndani na kadi, vyote vikubali. Kimoja kikikosa, unarudi kwenye njia mbili zilizotangulia. Programu ya phc2sys inajaribu kuanzia iliyo bora kushuka, na haikupigii kelele ikishuka.

Hapa kuna kosa la kusoma linalofanywa hata na wazoefu. phc2sys inapoandika tofauti ya nanosekunde 15, kisha −9, kisha 12, hizo ni namba za kuyumba. Hazisemi chochote kuhusu kosa lisiloyumba. Kama ombi linakwenda kwa kadi kwa nanosekunde 900 na jibu linarudi kwa 300, katikati imekosewa kwa 300 kila mara, saa ya mfumo iko pembeni kwa kiasi hicho, na namba zinabaki nzuri. Namba zinazopaswa kuaminiwa ni urefu wa pengo, ambao phc2sys huuonyesha kama delay: kosa lililofichika haliwezi kuzidi nusu yake. Chaguo la -N huongeza idadi ya visomo (kawaida ni 5) na hupunguza kuyumba, lakini halipunguzi kosa la kudumu hata kidogo.

Kosa la aina hiyohiyo liko kwenye waya. Hesabu ya PTP inadhani kwenda na kurudi ni sawa. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hutumia nanosekunde 5 hivi kwa mita. Nyuzi ya kwenda ikiizidi ya kurudi kwa mita 100, tofauti ni nanosekunde 500 na saa inakosea kwa nusu yake, 250. Hakuna programu inayoweza kuligundua hilo kutoka ndani. Pini ndiyo inayoweza.

Pini

Kadi nyingi zenye saa zina pini za kutoa mpigo au kupokea. Kwa testptp, iliyomo ndani ya msimbo wa keneli kwenye tools/testing/selftests/ptp, unaanza kwa kuuliza uwezo:

testptp -d /dev/ptp0 -c

Kisha unaipa pini ya 0 kazi ya kutoa mpigo, na kuagiza mpigo mmoja kila sekunde:

testptp -d /dev/ptp0 -L 0,2
testptp -d /dev/ptp0 -p 1000000000

Weka mpigo huo na ule wa saa kuu, au wa kipokezi cha GPS, kwenye osiloskopu moja kwa kebo zenye urefu sawa, na utaona kosa halisi la saa ya kadi. Kazi namba 1 ya pini ni kinyume: mpigo wa nje unapigiwa muhuri na kadi, na ts2phc, nayo ya linuxptp, inautumia kuinyoosha saa. Kwenye i210 tahadhari: inapiga muhuri mpigo unapopanda na unaposhuka, hivyo ts2phc.extts_polarity iwekwe both na upana wa mpigo utajwe, la sivyo matukio yatakuwa maradufu.

Kuiwasha, na yanayoharibika

Anza na ethtool -T eth0. Mstari wa PTP Hardware Clock ukisema none, hakuna la kufanya kwa kadi hiyo. Ukitoa namba, hiyo ndiyo namba ya /dev/ptp. Usiikariri kwenye skripti, kwa kuwa mpangilio unaweza kubadilika mashine ikiwashwa upya. Zima chrony, ntpd na systemd-timesyncd, kisha:

ptp4l -i eth0 -s -m
phc2sys -s eth0 -c CLOCK_REALTIME -w -m

Hali s0 ni kusubiri, s1 ni mruko, s2 ni kufuata. PTP ya UDP inataka bandari 319 na 320 zifunguliwe kwenye ukuta wa moto. Ukitumia -2 inakwenda moja kwa moja juu ya Ethernet kwa aina 0x88F7. Ikibaki s0 au haioni saa kuu, mara nyingi ni ukuta wa moto au swichi inayozuia matangazo ya kundi.

Tofauti ya 37000000000 si hitilafu ya maunzi. PTP inahesabu kwa TAI (wakati wa atomiki usioongezewa sekunde za marekebisho), ambayo tangu 1 Januari 2017 iko mbele ya UTC kwa sekunde 37. Chaguo la -w linaiambia phc2sys iichukue namba hiyo kwa ptp4l; ukiendesha phc2sys peke yake, weka -O -37. Kuna draiva ambazo, kiungo kikikatika au kadi ikianzishwa upya, huijaza saa ya kadi upya kutoka saa ya mfumo, yaani UTC, na mruko wa sekunde 37 unatokea bila mtu kugusa mipangilio.

Kadi mbili zilizounganishwa kuwa moja bado zina saa mbili. Ile ya akiba isiponyooshwa nayo wakati wote, siku ya kuhamia kwake utapata mruko. Ndani ya mashine pepe za KVM, moduli ya ptp_kvm inaleta saa ya mwenyeji kama /dev/ptp ya kawaida, na chrony inaisoma kama chanzo kingine chochote.

Na kama unahitaji nyakati mbili tofauti kwenye kadi moja, Linux 5.14 ilileta saa pepe: andika 2 kwenye /sys/class/ptp/ptp0/n_vclocks na zinazaliwa mbili, kila moja na kasi yake juu ya kihesabio kimoja. Kuanzia hapo saa halisi inaachwa ikimbie huru, na kila atakayejaribu kuirekebisha atarudishiwa EBUSY. Ikiwa ptp4l yako ilikuwa imeishika, itaanza kulalamika sekunde hiyohiyo.